Binti Analia, Kijana Ananyamaza: Kujiua kwa Vijana katika Historia ya Kilimanjaro

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alifika Kilimanjaro mwaka 1902. Ukiacha miaka aliyozuiwa kurudi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alihudumu huku hadi mwaka 1938, sehemu kubwa akiwa Old Moshi. Alipenda kukaa na wazee na kuwasikiliza, na aliyosimuliwa aliyaandika. Katika maandiko yake ya mwanzoni kuhusu maziko ya Wachagga anataja desturi moja: mtu alipojiua, mbuzi alitolewa ili roho ya marehemu itulie, isimvute mtu mwingine kuifuata njia ile ile.

Sisi tulioamini kwamba Kristo alitolewa mara moja kwa ajili ya wote hatuhitaji tena mbuzi huyo. Hata hivyo, desturi hiyo ilibeba maarifa ambayo si vema kuyadharau. Wazee wale walijua kwamba kifo cha namna hii kinaweza kuvuta kifo kingine, jambo ambalo wataalamu wa afya wa leo wanalithibitisha. Walijua pia kwamba msiba huo haukuwa wa nyumba moja tu. Ukoo mzima ulipaswa kukutana na kufanya jambo.

Leo mara nyingi tunafanya kinyume. Kijana akifa kwa mkono wake mwenyewe, mazishi yanaharakishwa, sababu ya kifo inatajwa kwa mafumbo, na wenzake wa kwaya au darasa la Kipaimara wanaachwa na maswali wasiyo na wa kumwuliza. Makala hii inarudi nyuma katika historia ya mlima wetu ili kuuliza swali moja: kwa nini mabinti ndio wanaojaribu zaidi, lakini wana wa kiume ndio wanaokufa zaidi? Na Kanisa lina sehemu gani katika hilo?

Yanayojulikana

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu zaidi ya 720,000 duniani hufa kwa kujiua. Kwa makadirio ya mwaka 2021, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Ukilinganisha idadi kwa idadi, wanaume wanaokufa hivyo ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na makadirio ya Tanzania yanaelekea upande huo huo. Lakini katika nchi nyingi zilizochunguzwa, wasichana ndio wanaosumbuliwa zaidi na mawazo ya kujiua, na ndio wanaojaribu mara nyingi zaidi.

Mtu anaweza kusema kwamba basi hiyo ndiyo asili, mwanamume kaumbwa hivi na mwanamke vile. Historia inakataa. Katika vijiji vya China miaka ya 1990, wanawake, hasa vijana, walikufa kwa kujiua kuliko wanaume. Miaka michache baadaye, wasichana wengi walipohamia mijini, wakapata kazi na kutoka chini ya shinikizo la ndoa za kijijini, vifo vyao vilipungua sana. Damu yao haikubadilika. Kilichobadilika ni mzigo waliokuwa wamebebeshwa. Kwa hiyo tukitaka kuelewa habari za vijana wetu, tuangalie kwanza historia imewatwisha nini.

Mzigo wa mwana wa kiume

Katika miteremko ya Kilimanjaro mwanamume alitambulika kwa kihamba. Hapo ndipo migomba yake ilipo, ndipo atakapojenga na kuoa, na ndipo atakapozikwa. Mwanasheria na mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, aliyefanya utafiti kwetu kuanzia miaka ya 1960, alieleza vizuri jinsi urithi ulivyokwenda. Mtoto wa kwanza wa kiume alitazamiwa kupewa kihamba chake, na kitinda mimba alibaki na nyumba na shamba la baba. Wa katikati walikuwa na haki iliyo dhaifu. Zamani hilo halikuwa janga, kwa sababu ardhi tupu ilikuwepo na kijana aliweza kuomba mahali pa kuanzia maisha.

Kisha ardhi ikajaa. Kahawa, iliyoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, iliufanya mlima kuwa tajiri. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ilijenga shule, zahanati na makanisa tunayoyasalia mpaka leo. Lakini kahawa hiyo hiyo iliufanya kila mraba wa udongo uwe na bei. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 mkoa ulikuwa na watu wapatao 650,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 1,800,000. Mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika mwaka 1989, na bei ikaporomoka. Baba aliyekuwa na kihamba cha kugawa akawa na vipande, na mwanawe akabaki na jina la ukoo tu.

Ardhi iliisha, lakini matarajio yakabaki pale pale. Kijana bado anapimwa kwa nyumba, mke na mchango anaotoa kwenye vikao vya ukoo. Akikosa shamba anashuka Moshi mjini, anakwenda Arusha, Dar es Salaam au kwenye machimbo ya Mererani. Kila Desemba wenzake wanapanda mlima na magari na zawadi, na yeye asiye na kitu anatafuta sababu ya kutokuja. Nyumbani wanasema, "Amepotea mjini." Ni nadra mtu kuuliza kama amepotea moyoni.

Juu ya hayo, mwana wa kiume amefundishwa tangu utotoni kwamba machozi si yake. Katika Biblia kuna kisa cha kuogofya kuhusu jambo hili. Abimeleki, aliyepondwa kichwa na jiwe la kusagia lililotupwa na mwanamke, alimsihi mchukua silaha wake ammalize, ili isije ikasemwa kwamba ameuawa na mwanamke (Waamuzi 9). Alikuwa anakufa, na bado alichokiogopa zaidi kilikuwa aibu. Wapo vijana wetu wanaoishi na hofu ya namna hiyo: hofu ya kuonekana wameshindwa.

Mahali palipobaki pa kupeleka maumivu hayo ni kwenye pombe. Mbege ya zamani ilinyweka kwa utaratibu. Ilikuwa ya sherehe, ya upatanisho na ya watu wazima waliokaa pamoja. Leo kijana anaweza kunywa pombe kali peke yake saa nne asubuhi. Utafiti uliofanywa miongoni mwa vijana wa Kilimanjaro na Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha unywaji mkubwa zaidi kwa wavulana kuliko wasichana. Pombe haiondoi huzuni. Inaondoa breki, na wazo ambalo lingepita usiku ule linapata nguvu ya kutendwa.

Mzigo wa binti

Mzigo wa binti ni wa namna nyingine, wala si mwepesi. Kihamba hakikuwa chake tangu mwanzo, kwa kuwa alitazamiwa kuolewa kwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini binti aliyerudi kutoka kwenye ndoa yenye kipigo bado anaweza kujikuta mgeni kwao na mgeni kule alikotoka.

Kuna pia mzigo wa mwili wake. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walipatwa na ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu 1 kati ya 7, na hao nao tusiwasahau, maana aibu yao huzikwa ndani zaidi. Wengi hawakupata msaada wowote. Mara nyingi aliyewadhuru ni mtu anayejulikana, anayesalimiwa kwa heshima njiani.

Akipata mimba, binti ndiye aliyeonekana. Kwa miaka mingi shule ilimfukuza na sharika nyingi zilimtenga na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya watu na kurudishwa kundini. Kijana aliyehusika, kwa kuwa tumbo lake halikukua, aliendelea kuimba kwaya. Mwezi Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi shuleni. Ni vema Kanisa nalo lijiulize: nidhamu yetu ilimrudisha nani kwa Kristo, na ilimsukuma nani gizani?

Pamoja na hayo yote, mabinti wengi zaidi wananusurika. Sababu mojawapo ni kwamba wana mahali pa kulia. Wana rafiki wa kuambiwa, shangazi, umoja wa wanawake, kliniki. Binti anapojaribu kujidhuru, mara nyingi kuna mtu anayejua kabla au mara baada ya tukio. Lakini sisi tunaharibu neema hiyo tunaposema, "Anatafuta kuonekana tu." Aliyewahi kujaribu yumo katika hatari kubwa kuliko mtu ambaye hajawahi, na anapoonekana ndipo Mungu anapotupa nafasi ya kumfikia.

Tumkumbuke Hana, mama yake Samweli. Alilia hekaluni Shilo, midomo ikitikisika bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa. Mtumishi wa Mungu aliona machozi akayaita ulevi. Kwa binti zetu tunarudia kosa hilo la Eli. Kwa wana wetu wa kiume tunalitenda kwa kuligeuza: tunaona ulevi wao na hatuoni machozi yaliyo nyuma yake. Eli lakini alisikiliza Hana alipojieleza, akabadilisha neno lake, akambariki. Kuhani aliyekosea alikubali kusahihishwa na mwanamke aliyekuwa akilia.

Kanisa lilivyohukumu na lilivyojifunza

Ukali wa Kanisa juu ya jambo hili una historia ndefu. Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini, alifundisha mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba amri ya kutoua inamhusu pia mtu na nafsi yake. Alikuwa anaulinda uhai, na fundisho hilo tunalishika hata leo. Lakini katika karne ya 6 sinodi ya Braga, huko Ureno ya leo, iliamua waliojiua wasiombewe katika ibada wala kuzikwa kwa zaburi. Kutoka kuulinda uhai, Kanisa lilifika kuiadhibu maiti na kuwaadhibu waliofiwa.

Martin Luther hakukubali kwamba waliojiua wamepotea kwa hakika. Mwaka 1532, akizungumza na wageni mezani kwake, alimfananisha mtu wa namna hiyo na msafiri aliyevamiwa na kuuawa na mnyang'anyi msituni. Hata hivyo, alionya watu wasije wakalichukulia jambo hilo kirahisi. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, sheria ya mwaka 1917 ilikataza maziko ya kikanisa kwa aliyejiua kwa makusudi. Sheria mpya ya mwaka 1983 iliondoa katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba msongo mkubwa wa akili na hofu hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake.

Sheria ya dola ilikwenda njia hiyo hiyo. Waingereza walituletea Kanuni ya Adhabu iliyomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Wao wenyewe waliiondoa kwao mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, lakini sisi tuliirithi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari mwaka 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Tujiulize sheria kama hiyo inamfanyia nini kijana aliyenusurika. Familia inaogopa polisi, inaogopa majirani, na hospitali inakuwa mahali pa mwisho badala ya pa kwanza.

Biblia yenyewe haikufanya hivyo. Ahithofeli, mshauri wa Daudi aliyemfuata Absalomu, alijiua shauri lake lilipokataliwa. Maandiko hayalisifu tendo lake, lakini yanataja kwamba alizikwa katika kaburi la baba yake (2 Samweli 17). Mchagga anaelewa uzito wa maneno hayo. Kuzikwa kwa baba yako ni kuhesabiwa kuwa bado u mtoto wa nyumba. Hata mtu huyo hakutupwa nje ya boma.

Tena Kanisa letu lina historia nyingine, ya huruma. Kituo cha Lutindi, milimani Usambara, kilianza kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wakakigeuza kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hapa Moshi, Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za makanisa chini ya jina la Msamaria Mwema. Miaka ya karibuni wataalamu wake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliendesha vikundi vilivyoitwa Sauti ya Vijana kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Humo vijana wanajifunza pamoja namna ya kukabili huzuni, aibu na unyanyapaa, na viongozi wa vikundi ni vijana wenzao.

Wenza wa ngao

Njia hiyo si ngeni kwetu. Zamani wavulana wa Kichagga walipelekwa porini kwa mafunzo yaliyoitwa ngasi. Yalikuwa na ukatili wake, na wamisionari waliyapinga. Lakini yalipokufa, lilikufa pia darasa ambalo watu wazima walikaa na wavulana na kuzungumza nao wazi juu ya maana ya kuwa mwanamume. Gutmann aliliona pengo hilo. Aliwapanga vijana wa Kipaimara katika vikundi vidogo vya wenza, kwa mfano wa wenza wa ngao wa Kichagga, yaani vijana waliofungamana kulindana na kujibu kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Alitaka kijana anayeingia kanisani asiingie peke yake.

Jambo hili tunaweza kulifanya katika kila usharika, parokia na mtaa, bila kusubiri bajeti. Kila kijana wa Kipaimara awe na wenza wawili wanaojua anapolala na anapokosa usingizi, na wawe pamoja hata baada ya kubarikiwa, maana hatari huongezeka wanapomaliza shule na kutawanyika. Wazee wa kanisa wa kiume wakae na wavulana, wasiwaachie akina mama na wainjilisti kazi yote ya kusikiliza. Binti anapofichua aliyotendewa, aaminiwe kwanza.

Na ukiwa na wasiwasi juu ya kijana, mwulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa pumzi. Usimwache peke yake, na dawa za shambani ziwekwe mahali panapofungwa kwa kufuli. Mpeleke hospitali, iwe Mawenzi au KCMC, kama ambavyo ungempeleka mwenye malaria. Kwa watoto, namba 116 inapigwa bila malipo. Sala iende pamoja na tiba. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji mara mbili, na mazungumzo yakafuata baadaye.

Msiba ukitokea licha ya hayo yote, tumzike mtoto wetu kama tunavyowazika wengine, tusisimulie alivyokufa, na tuwakusanye wenzake siku ile ile, tukae nao. Mlinzi wa gereza la Filipi alikuwa amekwisha kuuchomoa upanga ajiue, akiamini wafungwa wamekimbia na heshima yake imekwisha. Paulo alikuwa gizani, miguu yake katika mkatale, mgongo wake ukiwa na vidonda vya mapigo, na alikuwa na kila sababu ya kukaa kimya. Alipaza sauti kubwa, akamzuia asijidhuru, akamhakikishia kwamba wote wako pale. Usiku ule mtu yule na nyumba yake yote walibatizwa. Wako vijana kwenye miteremko hii wanaosubiri sauti ya namna hiyo, na sauti hiyo tumepewa sisi.